Sukka ya mbao, ya kitambaa au ya balkoni: ipi ikufae, na kila moja inakufundisha nini

Kila ikikaribia Tishri, mwezi wa Kiyahudi wenye sikukuu ya siku saba ya kukaa kwenye sukka, yani kibanda cha paa la majani, maswali yanakuwa yale yale, nijenge sukka ya aina gani, ya mbao, ya kitambaa ile ya kununua tayari, ya kwenye balkoni, au niende zangu nikakae kwa watu, na majibu mengi yanayotolewa ni ya bei na urahisi tu. Bei ina umuhimu wake sikatai, lakini hapa tunaongelea amri ambayo chombo chake ni mahali penyewe. Tefilini, vile vijisanduku vya maandiko, unazifunga mkononi na kichwani, shofari, ile pembe, unaisikia kwa masikio, matza, mkate usiochachwa, unaitia mdomoni, ila sukka unaingia wewe mzima, kichwa mpaka viatu na vumbi lake, na inanukuliwa kwa jina la Gaon wa Vilna, rabi mkubwa wa Lithuania, kwamba amri za namna hii ziko mbili tu, sukka na nchi ya Israeli. Kwa hiyo ulivyojenga ndivyo utakavyoishi ibada yako siku saba, ukila, ukilala, ukisoma, ukipiga stori na wageni.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua nilipo: anza kuchagua paa, ukuta uje baadaye. Watu wengi wanaanza na kuta kwa sababu ndizo zinazogharimu, alafu paa wanalitafuta jioni ya mwisho, wakati sheria yenyewe imepanga umuhimu kinyume kabisa.

Unakaa kwenye mawingu au kwenye kibanda?

Kabla ya msumari hata mmoja kuna uchaguzi huu. Mambo ya Walawi 23 inaagiza kukaa vibandani siku saba ili vizazi vijue kwamba Mungu aliwakalisha Waisraeli vibandani alipowatoa Misri. Sasa vibanda gani? Talmudi, ule mkusanyo wa mabishano ya marabi, kitabu cha Sukka ukurasa wa 11b, inaleta mabishano: Rabi Eliezer anasema ni mawingu ya utukufu yaliyowazunguka jangwani, Rabi Akiva anasema hapana, vilikuwa vibanda kweli kweli walivyojijengea kujikinga na jua.

Usidhani ni mabishano ya vitabuni tu. Ukimfuata Rabi Eliezer, sukka yako ni ulinzi, unakaa chini ya kivuli ambacho hukukitengeneza wewe, na ndo maana Zohari, kitabu cha mafumbo ya Kabala, inakiita kivuli cha imani. Mtu wa njia hii anapamba, anatandika kitambaa cheupe, anatundika matunda, anataka ukiingia usikie umefunikwa. Ukimfuata Rabi Akiva, sukka yako ni kumbukumbu ya watu waliokuwa wazi, bila mji bila shamba, wenye matawi machache tu juu ya kichwa, na bado wakatembea kumfuata Mungu jangwani. Rashbam, mjukuu wa Rashi yule mfafanuzi wa Torati, anaeleza kwa mwelekeo huo kwamba sikukuu imewekwa wakati wa kukusanya mavuno makusudi, yani ghala limejaa, nyumba imejaa, hapo hapo unatolewa nje ukae kibandani usije ukasema mkono wangu ndo umeniletea utajiri huu.

Yosef Karo, aliyeandika Shulhan Arukh, kitabu cha sheria, huko Safed Galilaya karne ya 16, alitaja mawingu ya utukufu kwenye kifungu cha 625, kwa hiyo ukitaka nia ya moyoni ya kusimama nayo, hiyo ndo iliyoandikwa. Mimi kwa upande wa ujenzi namuona Rabi Akiva ameshinda kila mahali, maana sheria zote zilizobaki zinalazimisha udhaifu, zinakuzuia kabisa usijenge kitu imara cha kujisifia. Mishna, ule mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, inafungua kitabu kizima na sheria ya urefu: zaidi ya dhiraa 20, kama mita 9 na nusu hivi, haifai. Rava, rabi wa Talmudi, anaeleza sababu kwamba Torati imesema toka kwenye makao ya kudumu ukakae kwenye makao ya muda, na mpaka dhiraa 20 mtu anaweza kujenga kwa namna ya muda, kuzidi hapo lazima ajenge kwa uimara. Rabba, rabi mwingine wa Talmudi, ana sababu nyingine naipenda zaidi, kwamba paa likiwa juu mno jicho halilioni, na usipoliona hujui kama umekaa sukkani. Hapo utaona kwa nini nasema paa kwanza.

Kuta: mbao au kitambaa

Kwenye kuta sheria ni pole mno. Zinahitajika mbili kamili na ya tatu hata upana wa kiganja kimoja inatosha, ikiwekwa kwa utaratibu wake. Kimo chake viganja 10, ambavyo ni kati ya sentimita 80 na mita moja kutegemea unafuata kipimo cha nani. Zinaweza kuwa za kitu chochote, mbao, mawe, vioo, hata plastiki. Talmudi inafika mpaka kujadili tembo, ndio tembo mwenyewe aliyefungwa kamba awe ukuta, na inaamua anafaa, maana hata akifa akaanguka mzoga wake bado una kimo cha viganja 10. Kuna mafundisho yanayonasibishwa na Ari wa Safed, mwalimu wa Kabala, kwamba kuta hizi mbili na kipande ni mkono unaokumbatia, bega hadi kiwiko ukuta mmoja, kiwiko hadi kifundo ukuta wa pili, kiganja ndo kile kipande. Anayekukumbatia hakufungii, anakuachia upande mmoja wazi, na watu wa karibu wanaingilia hapo hapo.

Mbao faida yake ni utulivu. Ukuta wa mbao upepo ukipiga hautingishiki, na hili si suala la starehe tu, ukuta usioweza kusimama kwa upepo wa kawaida si ukuta kisheria. Mbao inakaa miaka, watoto wanachora juu yake, unaiweka stoo na mwaka ujao inatoka. Ubaya ni uzito, inataka uwanja, inataka mahali pa kuhifadhi, na kama umepanga nyumba basi mwenye nyumba anakuuliza maswali.

Kitambaa ni haraka. Fremu ya bomba za chuma unaiunga, unavuta turubai, saa moja umemaliza, na kwa mtu wa fleti ambaye kila mwaka anahama ni msaada mkubwa. Ila Shulhan Arukh kifungu cha 630 inaonya kabisa kuhusu kuta za shuka, kwamba hata ukizifunga vizuri zinaweza kulegea bila wewe kujua, zikaanza kupepea na ukuta ukawa umeondoka. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: chukua kamba au mkanda, uzungushe kwa mlalo kwenye nguzo ndani ya kitambaa, mstari wa kwanza karibu na ardhi, wa pili juu yake, hivyo hivyo mpaka upite kimo cha mita moja, na kati ya mstari na mstari isifike viganja vitatu, weka sentimita 20 ukae na amani. Nafasi iliyo pungufu ya viganja vitatu inahesabiwa kama imezibwa. Kwa hiyo zile kamba nne tano zenyewe ndo ukuta wako, kitambaa kinabaki kuwa pazia tu la kuzuia macho na vumbi. Wapo wanaosema kamba za mlalo peke yake zinataka pande zote nne, so zungusha kotekote, na mlangoni tafuta namna ya kupita, au uliza rabi wako akuelekeze.

Hapo ndo nilipopenda kitambaa zaidi ya nilivyotegemea kwa kweli. Ukikaa ndani usiku upepo unavuma turubai linajaa na kulegea kama mtu anapumua, na wewe unajua kinachokuhesabia umo ndani ni vikamba vitano na hesabu ya nafasi tupu, nafasi ambayo Torati imesema tuione imejaa. Mbao haikupi hilo.

Kitu kimoja cha zote mbili, chini usiache uwazi mkubwa. Marabi wanasema pale mwanambuzi anapoweza kupenya si ukuta, viganja vitatu kutoka ardhini ndo mwisho.

Paa, hapa tulia kidogo

Paa la sukka, lile la majani wanaloliita sekhakhi, lina masharti matatu. Liwe la kitu kilichoota ardhini, liwe limekatwa halijashikamana na mti wake, na lisiwe chombo au kitu kinachoweza kupokea unajisi. Kivuli kiwe kingi kuliko jua. Na juu yake kusiwe na kitu kingine, usijenge chini ya mwembe hata kama kivuli chake kitamu, Mishna inasema anayejenga chini ya mti ni sawa na aliyejenga ndani ya nyumba. Mzabibu au pesheni iliyotambaa juu ya nguzo haifai ikiwa hai, na hata ukiikata pale pale lazima uinyanyue na kuilaza upya, kwa sababu sukka inatakiwa itengenezwe, isiwe imejipata tu kuwa sukka.

Sasa machaguo. Huko Israeli, Yerusalemu na mji wa Bnei Brak, utakuta makuti ya mitende yanauzwa barabarani wiki nzima kabla ya sikukuu, na pia mikeka ya mianzi ya kukunja unayoitumia miaka mingi. Mitende mibichi ina harufu, ina uzuri, inaanguka vipande kwenye supu, na baada ya sikukuu umemaliza nayo. Mianzi haina shida hiyo, unaikunja unaiweka, ila angalia imefumwa na nini. Ikifumwa kwa waya au uzi wa plastiki wengi hawaikubali, inatakiwa nyuzi za mmea zisizosokotwa, ndo maana zinauzwa na cheti cha rabi.

Kwa sisi wa pwani hapa pana jambo la kwetu kabisa. Mishna ya Sukka sura ya kwanza inasema mkeka mkubwa wa matete, ukitengenezwa kwa ajili ya kulalia unapokea unajisi na haufai kwa paa, ukitengenezwa kwa ajili ya kuezekea unafaa. Malighafi ni ile ile, mikono ya msusi ni ile ile, tofauti ni kusudi alilokuwa nalo aliyesuka. Kwa hiyo mkeka wa ukindu wa chumbani usiupandishe juu, hata uwe mpya haujalaliwa. Kuti la mnazi limesukwa tangu mwanzo liwe paa, lenyewe liko upande sahihi. Ila lina hatari ya aina yake, kwamba fundi wa makuti anajua kazi yake, akikuezekea vizuri maji hayapiti. Rabbenu Tam wa Ufaransa karne ya 12 alisema paa ambalo mvua haipenyi si sukka tena ni nyumba, na wengi wanamzingatia. Kwa hiyo ukitumia makuti laza tabaka moja, yaachanishe, usiku ukiinua macho uone nyota zile kubwa. Mwambie fundi kabisa unataka paa linalovuja, atakushangaa lakini mueleze.

Majani ya mgomba mimi nisingeyategemea peke yake. Yananyauka upesi, na sheria inazihesabu mboga zinazokauka haraka kama hazipo tangu siku ya kwanza. Mbao nyembamba ni chaguo zuri la mahali pasipo na minazi wala mianzi, ila ziwe fito, upana wa viganja vinne umeshakuwa bao la dari ya nyumba, na marabi walikataza kwa sababu hiyo hiyo, mtu asije akasema nina dari nyumbani kuna tofauti gani.

Wenye fremu ya chuma, ile bomba ya juu usilaze majani moja kwa moja juu yake. Weka kwanza ubao au mti mwembamba juu ya bomba, alafu majani yakae juu ya mti. Ni hatua ya dakika mbili, na ni bora paa lishikiliwe na kitu cha jinsi yake. Na kuta zisimame kwanza ndipo ulaze majani, usigeuze.

Nikilinganisha kwa roho kabisa: paa lazima liwe mabaki ya shamba, matawi yaliyobaki baada ya mavuno, kitu ambacho hakijapata kuwa chombo cha mtu. Ukuta unaruhusiwa kuwa kazi ya kiwanda, mali yako, kisasa unavyotaka. Cha juu yako lazima kiwe kitu cha shamba tu, na hapo hapo ndipo penye utakatifu wote. Ukipata pesa ya kuongeza usiipeleke kwenye kuta.

Uani, balkoni, au kwa watu

Uwanja ni rahisi, anga iko wazi. Nehemia 8 inaeleza watu waliorudi kutoka utumwani walivyojenga juu ya mapaa, kwenye nyua zao, na viwanjani mjini, na hali ni hiyo mpaka leo.

Balkoni watu wanaidharau lakini ina faida kubwa mbili. Ya kwanza, reli yake. Kama ina kimo cha viganja 10 na nafasi kati ya nondo na nondo hazifiki viganja vitatu, tayari ni ukuta, na ukuta hauhitaji kugusa paa, unahesabiwa umepanda wenyewe mpaka juu. Ya pili ni kwamba ukumbi uko mlango wa pili, unabeba chakula hatua tatu tu. Kikwazo ni balkoni ya jirani wa juu. Ikifunika yako yote basi hapo hakuna sukka, tafuta kwingine, na ndo sababu mitaa ya watu wa dini Yerusalemu majengo yanajengwa balkoni zikipishana ngazi ngazi ili kila familia ipate kipande chake cha anga. Ikifunika sehemu tu ya ndani, chini ya dhiraa nne, ile dari inaweza kuhesabiwa kama ukuta uliopinda na sehemu iliyo wazi mbele ikabaki halali, ila wewe kaa mbele usikae chini ya zege.

Ukubwa usikutishe. Kiwango cha chini ni viganja saba kwa saba, hata sentimita 70 haifiki kila upande, ni mtu mmoja na kimeza chake. Nyumba ya Shamai na nyumba ya Hilel, shule mbili za marabi wa kale, walibishana kuhusu mtu ambaye kichwa na sehemu kubwa ya mwili wake iko sukkani na meza iko ndani ya nyumba, na hapa sheria ikafuata Shamai, ambaye kwa kawaida hafuatwi, kwamba haifai, asije akavutwa na meza yake. Kwa hiyo kama balkoni inatosha watu wawili lakini meza inabaki sebuleni, punguza viti ingiza meza. Meza ilipo ndipo ulipo.

Mvua nayo iingie kwenye hesabu. Nchi ya Israeli mvua kwa kawaida inasubiri, sala ya mvua inaombwa siku ya nane baada ya sikukuu kuisha, na Mishna inafananisha mvua ya sukkani na mtumwa aliyekuja kumtilia bwana wake kikombe, bwana akammwagia mtungi usoni. Huku kwetu sivyo. Nairobi Oktoba ni vuli, na Mbale nchini Uganda kwa Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyotokana na Semei Kakungulu mwaka 1919, mawingu yanaweza kukusanyika mchana tu, mimi sioni kama mtu wa huko aisome kila mvua kuwa amekataliwa. Anachotakiwa ni kujipanga. Weka turubai la kuvuta juu ya majani, likifunika wakati wa mvua na ukilifunua kabla ya kukaa hakuna tatizo, ila kukaa chini yake likiwa limefunikwa siyo sukka. Mvua ikikukuta mezani kiasi cha kuharibu chakula ingia ndani. Anayeteseka ameondolewa wajibu, na Rabi Moshe Isserles wa Krakow anaandika kwamba aliyeondolewa wajibu akang'ang'ania kukaa hapati thawabu kwa hilo, anahesabiwa mtu asiyejua. Usiku wa kwanza peke yake ndo wengi wa Ashkenazi, Wayahudi wa asili ya Ulaya, wanajitahidi wale hata kipande cha mkate ndani hivyo hivyo.

Linabaki chaguo la kutojenga kabisa, kukaa kwa watu au kwenye sukka ya sinagogi. Wapo wanaoona aibu, kana kwamba ni ibada ya kuazima. Ni kweli lulavu, lile tawi la mtende la sikukuu hii, ya siku ya kwanza lazima iwe mali yako, lakini sukka haina sharti hilo, na wahenga wanasema Israeli wote wanaweza kukaa kwenye sukka moja. Mila ya kualika kiroho wageni wa siku saba, Abrahamu, Isaka, Yakobo, Musa, Haruni, Yosefu na Daudi, Zohari inaiambatanisha na maskini, kwamba fungu la wale wageni ni lao, so mwenye sukka isiyo na mgeni wa nyama na damu ana upungufu kuliko wewe usiye na sukka. Kama unaishi peke yako mjini, umechoka, huna uwanja, mimi ningekwambia chagua hii bila kusita kuliko kununua kile kibanda kidogo cha mtu mmoja ukale humo peke yako siku saba. Omba mapema, nenda na chakula, saidia kukata matawi. Kitu kimoja tu, idhini iwepo. Kujenga kwenye kiwanja cha mtu bila kumuuliza, au kuziba njia ya watu wote kwa sababu ni sikukuu, marabi wamekataza, na majani ya paa uwe umeyapata kwa halali, usikate mitende ya barabarani ya manispaa.